Kwa Nini Kimbunga Hakifiki kwa Mama Yake

Zamani hizo, na msidhani ni za babu yenu, ni za kabla yake mno, upepo mkali ulikuwa haujui msimu wala mpaka. Ulivuma popote, mwezi wowote, na haukuua mtu, kwa sababu ulikuwa bado mtoto mwenye kunyonya. Tena si mtoto mmoja. Walikuwa pacha, Chamchela na Tufani, na mama yao alikuwa Bi Mashavu, aliyekaa katikati kabisa ya dunia, pale ambapo mchana na usiku havizidiani.

Bi Mashavu alikuwa pande la mwanamke. Akipepeta mpunga, makapi yanaangukia nchi ya tatu. Kanga yake ilishonwa kwa doti mia mbili na bado nyonga moja ilibaki nje. Maziwa yake yalikuwa ya vuguvugu, na chakula kingine pacha wale hawakukijua. Wakishashiba walishikana mikono wakazunguka uani mpaka kuku wakanyonyoka manyoya. Uharibifu wao uliishia hapo: kuku, vyungu, na mapaa mawili matatu ya makuti ambayo baba za watu waliyaezeka upya huku wakicheka.

Sasa, pacha wana desturi zao. Akipewa mmoja, apewe na mwenziwe, saa ile ile, na hawatenganishwi hata kwa usingizi. Bi Mashavu aliishika desturi hiyo barabara. Kasoro ilikuwa moja, kwamba alinyonyesha miaka saba. Maneno yakaanzia kisimani, na aliyeyaanzisha ni jirani yake, Mwanaharusi, mwanamke asiyejua kukaa na neno tumboni.

"Shoga," akamwambia mbele ya wenzao, "siku wakioa hao, utawafuata na kifua huko huko ukweni?"

Wanawake wakacheka hadi mitungi ikamwagika. Bi Mashavu naye akacheka, tena kuwashinda. Lakini alirudi nyumbani na mtungi nusu, na kicheko kile kikamkaa kifuani kuliko watoto wenyewe.

Kumwachisha mtoto ziwa si jambo la siri. Mama hujipaka shubiri, mtoto akionja uchungu hushtuka, kisha hupelekwa kwa bibi yake siku saba. Akilia, mama haitiki. Akiitika mara moja tu, kazi yote imeharibika. Bi Mashavu aliyajua hayo. Ila alijisemea kwamba pacha wakikaa pamoja watakumbushana ziwa, na yeye aibu ya kisimani hakutaka kuirudia. Basi akakata shauri: Chamchela aende kwa mama mkwe, upande wa kusini, na Tufani aende kwa bibi mzaa mama, upande wa kaskazini.

Mama mkwe alipokuja kumchukua mjukuu wake na kuusikia mpango huo, alikaa kitako chini asitake hata maji.

"Mwanangu, pacha hawagawanywi kama fungu la samaki," alisema. "Nipe wote wawili, au baki nao wote."

"Ni siku saba tu, mama," Bi Mashavu akajibu. "Siku saba hazimzeeshi mtu."

Akajipaka shubiri. Watoto wakaja, wakaonja, wakamtazama kama wanamwona mtu mwingine kavaa sura ya mama yao. Hawakulia. Walishikana mikono tu, na mama akapita katikati kuibandua. Haikubanduka. Akavuta kwa nguvu zake zote, nazo mnazijua, na mikono ilipoachiana pacha waliruka kila mmoja upande wa bibi yake wakizunguka kama pia: Chamchela kwa kufuata mishale ya saa, Tufani kinyume chake. Kuzunguka huko hakukukoma.

Kilio kilianza siku ile ile. Siku ya tatu minazi ililala chini kwa kilio. Bi Mashavu alisimama mlangoni mara kumi, na mara kumi akarudi ndani. Mwishowe akachukua sufi ya mito, akaziba masikio.

Mabibi nao walihangaika. Maziwa hawana, walichokuwa nacho ni bahari, na bahari ilikuwa baridi. Wakamwomba Jua awapashie. Jua alikuwa mmoja na vyungu viwili, basi akakubali kukaa miezi kadhaa kusini, kisha ahamie kaskazini. Pacha wakajifunza kunywa bahari ya moto, na kwa kinywaji hicho wakakua kupita kiasi.

Siku ya saba Bi Mashavu alichomoa sufi, akatoka mbio, kichwa wazi. Alikuwa amejiosha ile shubiri mpaka ngozi imechubuka. Alianzia kusini. Chamchela alikuwa amejaza mbingu.

"Njoo baba," akamwita. "Mama nimekuja. Ziwa halina uchungu tena."

Mtoto akaja. Akaja mpaka zikabaki hatua tano. Hapo ulimi ukamkumbusha ule uchungu, akageuka, akaondoka na mapaa ya watu. Mama akakimbilia kaskazini. Na Tufani akasimama hatua zile zile tano, akageuka.

Kuanzia hapo mambo yamekuwa haya mnayoyaona. Novemba hadi Aprili, Jua akishapasha bahari ya kusini, Chamchela huinuka akaenda kisiwa kikubwa cha Bukini, Komoro, Msumbiji, na mara moja moja hugusa Mtwara. Akipanda nchi kavu hakuna cha kunywa, hulegea akakata roho, mwakani akazaliwa tena na njaa ile ile. Jua akihamia kaskazini huwa zamu ya Tufani, na watu wa ng'ambo humwita kwa majina yao. Pacha hao hawajaonana tena.

Wanaokaa pale katikati hawajui kimbunga. Husema wao wamejaliwa. Bahari ya huko hutulia siku nyingi, tanga likaning'inia kama nguo ya kuanika, na mabaharia hulaani utulivu huo. Ni Bi Mashavu amezuia pumzi. Anasikiliza upande huu, anasikiliza upande ule, na hathubutu kupumua, asije akawashtua wakati mmoja wao anakaribia ile hatua ya tano.