Matusi Hayalipiwi Ushuru

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mto. Na mtoni?
— Mdomo!
Na mdomo huo hula nini?
— Huuliza kwanza!

Sogeeni basi, na mwenye kusinzia asinzie kimya.

Palikuwa na mto, na mtoni palikuwa na kivuko, na kivukoni alilala Kiboko. Nani alimpa kivuko? Hakuna aliyempa. Alilala pale siku ya kwanza, akalala siku ya pili, na aliyekuja kumwondoa akaona ukubwa wa mdomo, akamsalimia. Tangu hapo wakamwita Mheshimiwa. Mgongoni mwake alisimama Yangeyange, yule ndege mweupe, msafi, shingo imenyooka, na kazi yake ilikuwa kuzijua sheria ambazo Kiboko alikuwa hajazitunga bado.

Mwaka huo upande huu wa mto mvua ilinyesha vizuri. Ng'ambo haikunyesha. Na ng'ambo ndiko alikoolewa dada yake Pimbi.

Pimbi mnamjua: yule mdogo wa mawe, hana mkia, hana pembe, hana hata jina la kutisha. Kila asubuhi alipanda jabali lake akatazama ng'ambo, akamwona dada yake amekaa na wanawe wawili, na kila asubuhi walikuwa wembamba kuliko jana. Pale kivukoni mto ni mwembamba, mtu akiita anasikika. Lakini dada hakuita. Mke wa watu haombi chakula kwao hadharani. Pimbi alilijua hilo, na lilimuuma kuliko kama angeita.

Akajaza viazi kikapuni, akakiburuta, kwaru kwaru kwaru, hadi kivukoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Unauza?"

"Siuzi. Nampelekea dada yangu. Wana njaa."

Kiboko akafumbua jicho la pili. "Yangeyange!"

"Naam, Mheshimiwa. Kinachouzwa hutoa ushuru kidogo. Kinachotolewa bure kwa mwenye njaa wa upande huu hakitoi kitu, na mtoaji husifiwa. Kinachotolewa bure kwa mwenye njaa wa ng'ambo hutoa nusu."

"Kwa nini nusu?" Pimbi akauliza. "Njaa si ni ile ile?"

"Njaa ya huku tunaijua," akasema Yangeyange. "Ya ng'ambo hatujatambulishwa."

Nyam! Nusu ya kikapu ikaingia mdomoni. Pimbi akashika iliyobaki ili avuke nayo.

"Ngoja," Kiboko akasema huku anatafuna. "Tutajuaje kama haviendi kwa mamba?"

"Vinakwenda kwa dada yangu. Yule pale, mnamwona."

"Kumwona si kumtambua," akasema Yangeyange. "Aje atambulike."

"Atakujaje?"

"Avuke."

"Atavukaje?"

"Alipe."

"Alipe nini?"

"Chakula."

"Chakula anacho?"

"Kama anacho, basi hana njaa, na sadaka yako ni ya uongo." Yangeyange aliyasema haya kwa upole, hata nusura Pimbi amshukuru.

Kikapu kikawekwa ukingoni, kisubiri kibali. Kesho yake Pimbi akaja. "Shikamoo, Mheshimiwa. Vipi?" "Marahaba. Linashughulikiwa." Kesho kutwa akaja. "Shikamoo, Mheshimiwa. Vipi?" "Marahaba. Linashughulikiwa." Viazi vikalainika. Vikatoa maji. Vikaanza kunuka. "Shikamoo, Mheshimiwa. Vipi?" "Marahaba. Linashughulikiwa."

Asubuhi moja Pimbi akapanda jabali, akamwona dada yake na mtoto mmoja. Yule mdogo hakuwepo. Palikuwa na tuta jipya la udongo, dogo, na watu wamekaa matanga.

Niwaambie nini? Pimbi alikaa juu ya jiwe akalia. Alijilaumu kwa adabu yake. Kila siku alikuwa akisema shikamoo, kila siku akijibiwa marahaba, na huko mtoto alikuwa anaisha.

Sasa, matanga bila watani si matanga. Ukoo wa Nyani na ukoo wa Pimbi ni watani tangu enzi za mababu. Pimbi akifiwa, Nyani huja kumcheka, humtukana, humrushia majivu na tope, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ndivyo wanavyofarijiana. Nyani wa upande huu hakuweza kuvuka, basi akasimama ukingoni, machozi yanamtoka, akafanya wajibu wake.

"Nyie msio na mikia! Mmezika haraka haraka ili msitulishe ubwabwa wa matanga! Wachoyo wakubwa!"

Akafinyanga tope, akalirusha. Vuuu… pwata! Likaangukia miguuni pa wafiwa. Kiboko akacheka hadi maji yakapiga kingo. Tope lilikuwa limepita juu ya kichwa chake, na hakudai kitu.

Pimbi akanyamaza kulia. Akateremka.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Tope hilo limelipiwa?"

"Tope la watani? Nikilila nitashiba?"

"Na wakirusha kitu kingine? Nyani hawa hawana adabu, wanaweza kurusha chochote."

Yangeyange akapinda shingo, akafikiri. "Anayetoa hutaka mwenzake afurahi. Mtani hutaka mwenzake aumie. Kwa hiyo kinachorushwa kwa matusi si bidhaa wala si sadaka. Sheria haikigusi."

"Kipite bure," akasema Kiboko. "Nami nipate kucheka."

"Na mimi je, nikirusha?"

Yangeyange akajibu, "Wewe ni kaka. Kaka hana utani na dada yake. Ukirusha wewe, hata ukisema pole tu, pana huruma ndani yake, na huruma hulipiwa."

"Nimeelewa," akasema Pimbi. Na kweli alikuwa ameelewa.

Kabla jua halijafika utosini, ukoo mzima wa Nyani ulikuwa ukingoni, na nyuma yao milundo ya mihogo, mahindi na maboga kutoka kwa kila mwenye shamba.

"Shika, kichwa kibuyu!" Vuuu… pwata! Muhogo.

"Shika, meno ya jembe!" Vuuu… pwata! Hindi.

"Shika, mlafi usiyeshiba!" Vuuu… pwaaa! Boga likapasuka mchangani.

Muhogo wa kwanza ulimpata dada begani. Akasimama kwa hasira. Amefiwa, na sasa anapigwa mihogo! Akamtafuta kaka yake kwa macho. Pimbi alikuwa amekaa juu ya jabali, kimya, hata mkono hakuuinua. Alitamani kupiga ukelele, "Pole, dada yangu. Kuleni." Akauma ulimi. Neno moja la huruma, na mdomo wa Kiboko ungefunguka. Dada akamtazama, akamtazama sana. Kisha akauokota muhogo, akaupangusa mchanga, akampa mwanawe, akawageukia Nyani.

"Mikono gani hiyo iliyolegea? Ndivyo mnavyotukana siku hizi? Tukaneni vizuri, tusikie!"

Basi wakatukana vizuri. Na hili nawaambia mlitie moyoni: yule mama hakuomba, wala hakuinamisha kichwa kupokea. Alitukanwa akala, akarudisha matusi akala tena. Mimi sijaona sadaka nyingi zinazomwacha mtu na shingo yake imenyooka hivyo.

Kiboko alicheka mpaka harufu ya boga ilipomwingia puani. Hapo kicheko kikakatika.

"Nusu yangu iko wapi?"

"Mheshimiwa," akasema Pimbi, "haya ni matusi. Fungu la matusi ni la anayetukanwa."

"Basi nitukaneni!" Na Kiboko akaachama, waaa!

Yangeyange, kwa kuwa anaijua sheria, aliruka mapema akatua mbali.

Wanyama wa upande huu walikuwa na matusi ya miaka mingi, yamekaa kifuani yakaiva. "Mwizi wa kivuko! Tumbo lisilo shukrani! Nani alikupa mto, wewe?" Na pamoja na matusi vikaja vile viazi vya Pimbi vilivyokuwa vikisubiri kibali, vimeoza, vinatiririka. Pwata! Pwata! Pwata! Kiboko akameza, akakohoa, akazama, bulu bulu bulu, yakabaki macho tu juu ya maji. Baadaye alitaka kuifuta ruhusa ile. Lakini akiifuta itabidi aseme kwa nini, na itabidi akiri kwamba aliomba mwenyewe kutukanwa. Mheshimiwa hakiri. Akaiacha.

Matusi yakavuka kila siku mpaka mvua ilipofika ng'ambo. Na siku moja, kabla ya mvua, ikasikika sauti mpya kutoka kule, nyembamba, inakwaruza. Ni yule mtoto aliyebaki. Tangu nduguye azikwe hakuwa amesema neno. Sasa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, muhogo mkononi.

"Wewe Nyani! Matako mekundu! Rusha tena!"

Watu wa ng'ambo wakacheka, mama yake akacheka. Nyani akajifanya ameudhika, akaruka juu, akatafuta boga kubwa kuliko yote. Na Pimbi? Pimbi alijificha nyuma ya jabali, amejifunika uso, mabega yanatikisika. Maana Yangeyange alikuwa anatazama, na furaha kama ile ingekuwa ushahidi.

Hadithi imefika ukingoni. Iliyo tamu vukeni nayo, iliyo chungu niachieni huku.

Funzo? Funzo lipo, msiondoke. Watu hawatukanwi, na chakula hakirushwi. Ukimwona mwenye njaa yuko ng'ambo, fuata utaratibu: salimia, omba kibali, kaa chini usubiri. Mtoto mwema husubiri. Mimi nimewajua wengi waliosubiri vizuri sana. Ningewaita waje wawasimulie wenyewe, lakini hawapo.