Koroboi ya Mzee Chilewa

Kama unamjua mtu anayejiandaa kupokea kazi ya wazazi wake, msomee kisa hiki kabla hajaanza kubadilisha mambo.

Nje kidogo ya Dodoma aliishi mzee mmoja, Chilewa, mwenye ekari tatu za zabibu. Alitengeneza mvinyo kama baba yake alivyotengeneza. Zabibu zilikanyagwa kwa miguu iliyosuguliwa vizuri, kisha juisi na maganda yake vikamiminwa kwenye mapipa ya mbao na kuachwa vichachuke vyenyewe, bila hamira ya dukani. Mapipa yalikaa kwenye chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, ngazi kumi na moja kwenda chini, kwa sababu huko joto halipandi. Asubuhi na jioni mtu alishuka kuyazamisha maganda yaliyoelea.

Kulikuwa na sharti moja. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka bila koroboi iliyowashwa, ameishika usawa wa magoti. Hata saa sita mchana. Hata baada ya umeme kuingizwa na balbu kufungwa darini.

"Ikizima, geuka," mzee alisema. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Ndivyo tunavyofanya hapa."

Miguu ilipoanza kumsumbua, alimkabidhi shamba mwanawe, Amosi. Mwaka huohuo alikuja mnunuzi wa hoteli. Akaonja, akatema, akaonja tena.

"Mvinyo mzuri," alisema. "Ila kwa mbali unanuka mafuta ya taa, kama jiko la mchina. Mkiondoa hiyo harufu, nachukua mapipa yote."

Amosi hakuhitaji kufikiri sana. Siku hiyohiyo akawaambia wavunaji kwamba koroboi ni marufuku.

"Afadhali!" alisema Perisi, mvunaji mwenye mdomo kuliko wote. "Mchana kweupe mtu unatembea na koroboi kama umepoteza mke."

Wote wakacheka. Mzee Chilewa, aliyekuwa amekaa mlangoni, hakucheka.

"Mwanangu, usishuke bila moto."

"Baba, taa ipo."

"Si habari ya taa."

"Basi ni habari ya nini?"

"Ndivyo tunavyofanya hapa."

Msimu ule zabibu zilikuwa nyingi, na mapipa yote manane yalichachuka kwa pamoja. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Amosi alichukua mwiko mkubwa wa mbao akaanza kushuka. Damari, mkewe, alikuwa ameizoea koroboi kwa miaka tisa. Akaiwasha, akamfuata.

"Mama Eliya, nimesemaje?"

"Umesema. Nigombeze tukishatoka."

Kwenye ngazi ya sita mwali wa koroboi ulinywea, ukafa. Damari akaidaka kola ya shati la mumewe.

"Baba Eliya, geuka."

"Upepo tu huo."

"Upepo gani, chini ya ardhi?"

Alimvuta mpaka kola ikachanika. Amosi akapanda juu akifoka. Ili kumwonyesha mkewe kwamba amekosea, akaiwasha koroboi kwa mkono wake na kushuka nayo. Ikazima ngazi ileile. Akarudi kuiwasha tena. Ikazima palepale.

Safari hii alisimama akatazama chini. Kati ya mapipa alilala kuku aliyekuwa ameingia asubuhi kudonoa mbegu za zabibu. Amosi akamrushia kandambili. Kuku hakutikisika.

Akatoka haraka, kichwa kinamgonga, akakaa chini karibu na baba yake.

"Baba, mle ndani kuna nini?"

"Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito," mzee alisema. "Huioni. Inatuama chini kama maji kisimani. Ukiinama kwenye pipa, umekwisha. Mahali ambapo moto unakufa, na mtu anakufa. Ndiyo iliyomuua kaka yangu Mika."

"Baba mkubwa Mika? Si ulituambia alikufa kwa malaria?"

"Niliwaambia hivyo. Ningesema kweli, nani angekubali kushuka tena? Nilitaka kazi iendelee."

"Na mimi ungeniambia lini?"

Mzee Chilewa aliichukua koroboi mkononi mwa mwanawe, akaanza kuifuta masizi.

Alasiri ile Amosi aliwaita wavunaji wote, akawaeleza kila kitu, pamoja na habari ya Mika. Akasema koroboi haitarudi, ila kila atakayeshuka atabeba mshumaa, usio na harufu ya mafuta ya taa. Wavunaji wawili walichukua ndoo zao wakaondoka, naye hakuwazuia. Perisi alibaki. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Hebu nionyeshe vizuri, kaka," alisema. "Nishike usawa gani?"

Funzo: Usifute desturi kabla hujajua inazuia nini. Na wewe unayeijua sababu yake, iseme ungali hai, maana sharti lisiloelezwa huishia kufutwa na mtu mwenye akili zake timamu.