Siyo ya Ngazini

"Siyo ya ngazini haihesabiwi." Mmeisikia kwa mama yenu akimgombeza mjomba wenu Mashaka, aliyefunga mdomo kwenye kikao cha shule kisha akaja kufoka jikoni. Sasa mnaniuliza bibi yenu imetoka wapi. Basi ilipozaliwa nilikuwepo, tena nimevaa viatu vya kuazima. Methali hii ilianzia kwenye ngazi za Bunge.

Enzi hizo tulikaa bondeni Nyamwembe, kwenye udongo mweusi ambao hata fimbo ukiichomeka inachipua. Serikali ikapeleka Bungeni muswada wa hifadhi. Uliposomwa mara ya kwanza hatukushtuka. Baadaye tukaambiwa ibara ya saba inataka bonde letu lote liwe la wanyama, sisi tuhame.

Mbunge wetu, Mheshimiwa Mtengule, mtu wa sauti kubwa na mpenda picha kuliko bibi harusi, akaandika marekebisho: Nyamwembe iondolewe kwenye ibara ile. Akatualika watu kumi na wawili tukamwone akiyatetea.

Siku hiyo tulitambulishwa kama wageni wake. Wabunge wakatugongea meza. Mzee Lugano, mwenyekiti wetu wa kijiji, alitokwa machozi kwa heshima ile. Kisha Bunge likakaa kama kamati, na Katibu akawa anataja ibara mojamoja zipigiwe kura. Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Ya tatu ikazua ubishi juu ya mnyama ni nani. Mheshimiwa akatuashiria tutoke.

"Twendeni tupige picha ngazini. Hawa watamtafuna huyo mnyama mpaka saa ya chai."

"Na ya saba, Mheshimiwa?" Mzee Lugano akauliza.

"Mzee wangu, mwenye marekebisho ni mimi. Wataanzaje bila mimi?"

Mpiga picha akatupanga, wafupi mbele. Akarudia, maana nilifumba macho. Akarudia tena, Mheshimiwa hakupenda tai yake ilivyokaa. Ndipo kipaza sauti cha mlangoni kikasema: "Ibara ya saba."

"Mheshimiwa Mtengule ana marekebisho," sauti ya Mwenyekiti wa kikao ikafuata. "Hayupo? Yameanguka. Wanaoafiki ibara waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Tukapiga kelele sote palepale ngazini: "Siyooo!" Njiwa waliruka kwenye paa. Mle ndani, kimya.

"Walioafiki wameshinda. Ibara ya nane."

Mheshimiwa alikimbia mpaka ndani, akasimama akihema, mkono juu.

"Mheshimiwa, tumeshapita hapo," akaambiwa. "Kaa."

Alikaa. Jioni muswada ukasomwa mara ya tatu, ukapita.

Tulivuna mara moja tu, malori yakaja. Askari kijana aliyekuwa akitupakia alimshika Mzee Lugano mkono ili apande, akamwuliza kwa upole, "Babu, mbona hamkukataa mapema?"

"Tulikataa, mwanangu," Mzee akasema, akitafuta mahali pa kukaa kati ya magunia. "Tulikataa kwa sauti kubwa sana. Ila siyo ya ngazini haihesabiwi."