Maua ya Mvua Mlangoni kwa Shemeji

Leo nawapeleka kaburini, ndugu zangu, ila msiogope, tutarudi kabla ya sadaka.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Walikuwa watu wa huku juu kwenye migomba, ambako tunazikana shambani, nyuma ya nyumba. Mama huyu hakujaliwa mtoto. Maneno yanayomfuata mjane asiye na mtoto kwenye boma la mumewe mnayajua wenyewe, sina haja ya kuyataja hapa madhabahuni. Alichofanya ni kuchukua maua ya mvua, akayapanda juu ya kaburi. Si mnayajua? Yale meupe, yana kitunguu chini ya udongo kama cha mchuzi ila hakiliwi, na yakichanua yanakuwa nyota kabisa. Mumewe ndiye aliyemletea vile vitunguu mwaka waliooana.

Kiangazi kikaingia. Majani yakalegea, yakawa ya njano, yakakauka, upepo ukayachukua. Kaburi likabaki udongo mtupu. Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, na fundi, na saruji, na marumaru za bluu.

“Shemeji,” akasema, “Jumamosi tunalijengea kaburi la kaka. Ukoo umeshakubaliana. Tukishajengea, msiba umekwisha. Wewe bado una nguvu, rudi tu kwenu ukapumzike.”

“Shemeji, nakuomba, ngojeni mvua inyeshe kwanza. Maua yangu yamo humo.”

“Maua yapi? Mbona hata jani silioni? Yamekufa hayo.”

“Hayajafa. Yamelala.”

Yule bwana akacheka. “Kila tuliyemzika humu shambani tunasema amelala. Umeona nani ameamka?”

Haya, swali hilo wewe ungelijibuje? Msinitazame mimi, jibuni!  Mama aliingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

Fundi akakwangua udongo wa juu apate usawa wa kumwaga zege. Ulikuwa udongo mzuri, mweusi, na shemeji akaona hasara kuutupa. Pale mlangoni kwake palikuwa na shimo, kila masika maji yanatuama, watoto wanaingiza matope ndani. Basi akaubeba kwa toroli mpaka kwake, akalijaza lile shimo, akaushindilia kwa miguu yake mwenyewe. Kaburi likajengewa, marumaru zikang'aa, watu wakala pilau. Mama akaambiwa gari likipatikana atapelekwa kwao.

Kabla gari halijapatikana, mvua ikaja, ile ya kwanza yenye kulaza migomba. Barabara ikakatika. Mama akabaki na mizigo yake imefungwa, hana pa kwenda wala pa kukaa.

Mvua ilipokatika, asubuhi, shemeji akafungua mlango aende shambani. Hakutoka. Mbele ya mguu wake kulikuwa na nyota. Nyeupe, bila hata jani, zimepasua udongo alioushindilia mwenyewe, zimejaa kutoka kizingitini mpaka njiani, hakuna pa kukanyaga. Akasimama na mguu mmoja juu.  Mwisho akapitia dirishani, mtu mzima na kofia yake, akakimbia mpaka kwa mjane. Akamkuta amekalia begi lake.

“Shemeji,” akasema, “yameamka. Yameamkia kwangu. Fungua mizigo, tafadhali, usiondoke. Mimi kuyatunza sijui.”

Mama akalia. Halafu akajifunga kanga, akasema, “Twende nikayaone.”

Sasa, wapendwa. Tangu nilipoanza nawaona mnaguna, kila mmoja amejiweka nafasi ya mjane. Hapana. Sisi ndio shemeji! Wenye saruji ni sisi. Ni nani tumemtazama kwenye kiangazi chake, hana jani, tukasema huyu basi? Yule kijana tuliyemfuta kwenye kwaya kwa ajili ya pombe? Binti aliyerudi nyumbani na mimba? Mume wako, mama, uliyeacha kumwombea? Tumeshamwaga zege, na pilau tumeshakula.

Na mimi kinachonitetemesha si kwamba yale maua yaliota. Mungu aliyekifundisha kitunguu kulala gizani bila tone la maji na bado kikaijua siku yake, kwake kuotesha ni kazi ndogo. Kinachonitetemesha ni mahali yalipoota. Yule bwana alistahili adhabu, au sivyo? Mungu hakumwadhibu. Alimchanulia mlangoni, palepale alipokuwa akikanyaga kila siku.

Kesho asubuhi ukifungua mlango wako, kabla hujatoa mguu, tazama chini.