Shahidi wa Mwanakheri

Afisa Shekue wa pasipoti alipovaa tai tu, akawasahau majirani zake wote. Mwanakheri alitaka kumpeleka mwanawe India akatibiwe moyo, akaenda ofisini kwa Shekue kuomba pasipoti.

"Mama, mimi sikujui," alisema Shekue. "Lete shahidi anayejua ulikozaliwa."

Mwanakheri alisubiri mpaka mkuu wa ofisi alipotokeza, akapaza sauti: "Basi andika mimi na wewe baba mmoja! Mzee wako alinizaa nje ya ndoa!"

Shekue aliruka kitini. "Mwongo mkubwa! Baba yako Mbaruku, fundi viatu! Umezaliwa hapahapa Kisimani, ukuta kwa ukuta na kwetu! Mama yangu ndiye aliyemzalisha mama yako!"

Mwanakheri akamgeukia mkuu.

"Shahidi wangu huyo, mheshimiwa. Mwapishe kabla hajanisahau tena."