Gari Lililozimika Konani

Gari tupu halisemi ugonjwa wake. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mwalimu hivyo leo, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalikotoka. Basi kaeni, yalitoka kwenye gari kweli.

Kule Wundanyi, kwenye milima ya Taita, palikuwa na dereva aitwaye Mwandoe. Kazi yake ilikuwa kuwateremsha wagonjwa sita wa figo hadi Voi, mara mbili kwa wiki, wakasafishwe damu. Gari lao lilikuwa vani kuukuu, iliyonunuliwa kwa harambee.

Vani hiyo ikaanza kuzimika njiani. Inashuka vizuri, mara taa zote za dashibodi zinakufa, injini inanyamaza, usukani unakuwa mzito. Kabla Mwandoe hajamaliza kusema "Mungu wangu", umeme umerudi. Siku nyingine safari nzima haina neno. Siku moja ilizimika konani, ikasimama hatua mbili tu kutoka ukingo wa bonde.

Mwandoe aliipeleka gereji tatu. Kila mara aliwafikisha wagonjwa kwao kwanza, maana hakutaka wachoke. Mafundi wakabadilisha betri, wakabadilisha fyuzi, wakaiendesha mjini. Ikaenda kama mpya. Kamati ya harambee ile ikakata shauri: isipopona kufikia Ijumaa, iuzwe. Hakuna aliyethubutu kuuliza wagonjwa wangefikaje Voi.

Ndipo Mwandoe akamwendea Mkamburi, mama mmoja aliyekuwa akitengeneza redio sokoni. Mkamburi hata boneti hakuifungua.

"Likizimika, ndani huwa na nani?"

"Wagonjwa wangu."

"Na likiwa gereji?"

"Mimi na fundi tu."

"Basi waite."

Walikuja siku isiyo ya matibabu, kila mmoja akakaa mahali pake. Magurudumu yakawekewa mawe, injini ikawashwa, Mkamburi akaingia chini. Dakika kumi zikapita, hakuna kitu.

"Mkifika kwenye kona mnakaaje?" Mkamburi akauliza kutoka kule chini.

Mzee Mwakireti, mkongwe wao, akajibu kwa aibu, "Mwanangu, sisi hatuna nguvu za kujishikilia. Kona ikija, tunalaliana tu."

"Haya, lalianeni."

Wakaegemea kushoto, bega juu ya bega. Taa zikafa. Injini ikanyamaza. Wakainuka, taa zikawaka. Wakaegemea tena, zikafa tena. Mama Wakesho, mmoja wa wale sita, aliutazama mkono wake uliojaa makovu ya sindano kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Watu sita wasioweza kubeba ndoo ya maji walikuwa wakilizima gari kwa kuinama!

"Kumbe ni sisi," Mzee Mwakireti akanong'ona.

"Si nyinyi, baba." Mkamburi alitoka chini, mikono myeusi. "Sakafu imeliwa na kutu. Mkiegemea huku inabonyea, inauvuta waya unaorudisha umeme kwenye betri, unaachia. Mkiinuka, unagusa tena. Bila nyinyi nisingeliona hilo hata mwaka mzima."

Sakafu ikachomelewa bamba jipya, ukafungwa waya mrefu zaidi. Ijumaa ikapita, na gari halikuuzwa.

Lakini Mwandoe hakupata usingizi mzuri wiki ile. Miaka minne alikuwa akiwajulia hali watu wake asubuhi, wakiwa wamepumzika, nao wakimjibu, "Salama." Safari iliyofuata aliwauliza wakati wa kurudi, sindano zikiwa zimechomolewa punde tu. Mzee Mwakireti akasema, "Mwanangu, leo naogopa."

Mwandoe akaegesha pembeni, akageuka kitini, akamsikiliza mpaka mwisho.

Ndiyo sababu watu wetu hawamuulizi mtu hali yake akiwa kapumzika, wakaridhika na jibu. Wanamngoja siku ya mzigo, wanamuuliza tena. Gari tupu, wanangu, halisemi ugonjwa wake.