Furushi Linalokohoa

Mwanamke mmoja alikuwa na mguu mbovu na wachukuzi wawili. Aliishi juu milimani, ambako gari halifiki, na mguu ulishaanza kunuka. Hospitali iko bondeni, ng'ambo ya msitu. Mganga wa zahanati hakumficha: ukiwahi utakatwa kidole, ukichelewa utakatwa mguu, ukichelewa zaidi ya hapo, mama, usisumbue watu.

Mwanamke huyo ni Bi Nakijwa. Wachukuzi wake ni Kajiru, aliyebebea ngata ya majani makavu ya mgomba, na Mchome, aliyebebea ngata ya kitambaa. Hawakupendana hata kidogo, na wala halikuwa tatizo. Machela haitaki mapenzi, inataka mabega mawili. Wa mbele huchagua njia. Wa nyuma haoni kitu ila kisogo cha mwenzake, lakini uzito anaupata kama kawaida, na wa mbele akielekea shimoni yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Na ili pasiwe na bosi wa kudumu, watu wa milima ile wana desturi yao. Kila kituo machela hutuliwa, mgonjwa hutaja jina, na aliyetajwa huenda mbele. Asiyetajwa huvua ngata yake mwenyewe na kumwekea mwenzake begani. Hakuna askari wa kumlazimisha. Anaiweka tu, hata kama roho inamuuma, kisha anarudi nyuma anabeba.

Mwanzoni Bi Nakijwa alikuwa malkia. Kila walipokaribia kituo wachukuzi walimbembeleza. Kajiru alimwita mama yangu mzazi. Mchome alimwapia kwamba njia yake haina hata kokoto. Jamaa waliosindikiza nao wakajigawa, hawa wakafunga majani mkononi, wale vitambaa. Wakaanza kwa utani, kwamba wenye majani ni chakula cha mbuzi na wenye vitambaa wamechana mashuka ya wake zao. Utani ukageuka matusi, na wenye digrii ndio waliotukana kwa ufasaha zaidi. Bi Nakijwa, chini ya shuka lake, alicheka mpaka akausahau mguu.

Kisha akachoka. Ukungu ulishuka msituni, shuka likalowa, homa ikampanda. Walipotua wakamuuliza nani aende mbele, na kufunua uso tu ikawa kazi. Akawaambia waseme wao, si wanamjua.

Halafu kutoka upande wa majani sauti ya Bi Nakijwa ikamtaja Kajiru. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa na kikohozi chake, na vile anavyovuta mwisho wa jina kama anayeita kuku. Wenye majani wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, upande wa vitambaa sauti ileile ikamtaja Mchome. Chini ya shuka, mwenye sauti alijishika koo, kuona kama bado lipo.

Kajiru, kwa kuwa ndiye aliyetajwa kwanza, akashika mbele, na tangu hapo sauti hazikukoma. Njia nzima alijisikia akiongea kulia na kushoto kwa machela, akiwalaani watu asiowajua, akidai vitu asivyovitaka, akicheka vichekesho ambavyo yeye havikumchekesha. Hakuna aliyegeuka tena kutazama shuka.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukingoni mwa msitu. Chini kule bati la hospitali lilionekana. Bi Nakijwa akakusanya nguvu, akafunua uso, akamtaja Mchome. Hakuwa na sababu kubwa. Kajiru alikuwa amempitisha kwenye mawe tangu alfajiri, na kidonda kilishapasuka. Sauti ilitoka nyembamba, lakini kila mtu aliisikia.

Mkono wa Kajiru ulikuwa umeshaigusa ngata. Ukasimama hapohapo. Akamtazama mgonjwa kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia nyumba siyo.

"Huyu siye," akasema taratibu. "Mama yetu tunaye sisi."

Watu wake hawakubisha. Wakakata miti miwili, wakafunga shuka, wakalaza juu yake furushi la majani na kulifunika mpaka usoni. Furushi likakohoa. Kisha likamshukuru Kajiru kwa safari njema. Wakaliinua na kuzama ukunguni wakiimba.

Mchome alibaki na ushindi wake na machela yenye mbele bila nyuma. Kama mtu mmoja tu wa kwake angeshika nyuma, wangefika. Lakini nyuma nani anataka? Watu wake walikuwa wameshainama, wakifunga furushi la vitambaa, nalo likakohoa kwa nguvu kuliko lile la kwanza. Wakalibeba mbio kuwafukuza wenzao, na Mchome akakimbia nao, asije akapitwa akaonekana wa nyuma.

Bi Nakijwa akabaki peke yake, na bati la hospitali liking'aa pale chini. Alisikia sauti yake ikiteremka mlima mara mbili, mbali na mbali zaidi, ikisema imefika salama, haiumwi tena popote. Akafungua mdomo kuwaita. Mdomo ulifunguka, ukabaki wazi, na hakikutoka kitu.

Wamarekani nao hutua machela yao kila miaka minne, na sisi huku tunakodoa macho kwenye simu kuona nani katajwa. Yule aliyetajwa hanishughulishi. Mimi naulizia mwenzake, wa kule na wa kwetu: ataivua ngata amwekee aliyetajwa, au ameshakwenda kukata majani?